Mtoto wa Muze asome habari za Akhwari

Kusoma si kutamka herufi. Mtoto akisimama mbele ya wenzake akasoma ukurasa mzima bila kukwama, kisha akaulizwa habari hiyo inahusu nini akabaki ameduwaa, huyo hajasoma. Amepaza sauti tu. Ukweli huu unajulikana kwa kila mwalimu wa shule ya msingi, na kwa kila ofisa wa elimu aliyepata kukagua darasa. Hata hivyo imla na ufahamu vingali vinafundishwa katika shule nyingi kana kwamba ni mambo mawili yasiyojuana. Imla imekuwa orodha ya maneno ya kukariri, kiboko kikiwa mezani. Ufahamu umekuwa mchezo wa kuwinda sentensi: swali linauliza Juma alikwenda wapi, mtoto anatafuta mstari wenye jina la Juma, anaunakili, anapewa alama zote, na hapo inadhaniwa kwamba ameelewa.

Dawa ya ugonjwa huu si ngeni wala si ghali. Ni kumfundisha mtoto kanuni za maandishi na ufahamu kwa pamoja, katika habari moja ya kweli yenye mtu, tendo na matokeo. Na ni habari chache zinazomvuta mtoto wa miaka tisa au kumi kama habari za wanamichezo. Wamarekani walilitambua hilo zamani. Katika shule zao wasifu wa wachezaji wa besiboli ni kitabu cha kawaida cha kusomea. Mtoto wao anasoma jinsi Jackie Robinson, mtu mweusi, alivyoingia uwanjani na timu ya Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947, akavunja ukuta uliokuwa umewatenga weusi na ligi kuu kwa zaidi ya nusu karne. Katika kurasa hizo hizo anajifunza wapi pa kuweka herufi kubwa, wapi pa kuweka nukta, na namna sababu inavyozaa matokeo. Njia hiyo ni nzuri, na aliye na akili haoni haya kujifunza kwa mwenzake.

Kosa huanza pale mtu anapoacha kujifunza njia akabeba kitabu. Wako wasomi katika nchi hii ambao, wakiona kitabu cha ng'ambo chenye picha za rangi, huamini papo hapo kwamba kinafaa kila mahali duniani. Hiyo ni kasumba, hata ikivalishwa joho la utaalamu. Besiboli imeanza kuchezwa nchini katika baadhi ya shule za sekondari kwa msaada wa Wajapani katika miaka ya 2010, na hakuna ubaya wowote katika hilo. Lakini mtoto wa Muze, bondeni chini ya ukingo wa uwanda wa juu wa Ufipa, upande wa Ziwa Rukwa, hajapata kuliona gongo la mchezo huo wala kusikia kanuni zake. Ukimpa habari ya mchezaji aliyepiga mpira akazunguka vituo vyote vinne, umempa fumbo, wala hukumpa somo.

Jambo hili si dhana tu. Wamarekani wenyewe wamelipima, tena kwa mchezo huo huo wa besiboli. Mwaka 1988 watafiti wawili, Donna Recht na Lauren Leslie, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 64 wa darasa la saba na la nane. Waliwapa habari ya kusoma kuhusu sehemu ya mchezo mmoja, kisha wakawataka waieleze na kuionyesha kwa vinyago juu ya mfano wa kiwanja. Wanafunzi waliohesabiwa kuwa wasomaji dhaifu, lakini walioujua mchezo, waliielewa habari ile kuliko wasomaji hodari wasioujua. Basi kama kuujua mchezo kunaweza kumwinua msomaji dhaifu wa Marekani, kutoujua kutamzamisha msomaji hodari wa Muze. Kisha mwalimu ataandika katika daftari lake kwamba mtoto hajui kusoma, hali kosa ni la kitabu.

Mtoto wa Muze anajua mengi. Anajua mbio, kwa kuwa hukimbia kila siku. Anajua mpira wa miguu. Anajua joto la bondeni linavyopungua kadiri barabara inavyopanda kuelekea Ntendo na Sumbawanga, ambako baridi humfanya aliyetoka bondeni ajikunyate. Anajua magoti yanavyouma mtu anapoteremka mlima. Kwa mtoto huyu habari ya kuanzia ipo tayari, na ni mali ya Tanzania.

Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico City, wakimbiaji 75 walianza mbio za marathoni. Waliomaliza walikuwa 57. Wa kwanza alikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia, aliyetumia saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Wa mwisho alikuwa John Stephen Akhwari wa Tanzania, mzaliwa wa Mbulu, aliyetumia saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Aliingia uwanjani akichechemea, goti likiwa limefungwa bendeji baada ya kuanguka njiani. Wengi leo hawamjui aliyekuwa wa pili siku ile. Aliyekuwa wa mwisho anajulikana dunia nzima.

Sasa mwalimu na aandike ubaoni maneno machache tu: "Akhwari alianguka. Goti lake liliumia na wanariadha wengi walimpita. Hakuacha mbio. Aling'ang'ania mpaka alipofika uwanjani, ingawa medali ya dhahabu ilikuwa imekwisha kupata mwenyewe." Katika mistari hiyo mifupi zimo karibu kanuni zote zinazowasumbua watoto, na watu wazima maofisini pia.

"Alianguka" haina ritifaa. "Aling'ang'ania" inazo mbili. Mtoto akilinganisha sauti za maneno hayo mawili, tofauti ya ng na ng' haitamtoka tena, kwa sababu ameipata katika tendo: mtu ameanguka, mtu ameng'ang'ania. "Hakuacha" huanza kwa h. Anayeitupa h hiyo akaandika "akuacha" ameliharibu neno lililobeba habari nzima, maana ukanushi wote umo katika silabi ile ya kwanza. "Riadha" na "dhahabu" zina dh. Anayeandika "riaza" na "zahabu" ameandika kama anavyosikia kwao, maana lugha nyingi za Kibantu hazina sauti hiyo, na hana hatia mpaka afundishwe. Hali ni hiyo hiyo kwa r na l, ambazo katika lugha nyingi za Kibantu hazitenganishwi. Kumbe katika Kiswahili mahali si mahari, na kalamu si karamu. "Wanariadha" ni neno moja. Ukiandika "wana riadha" umesema watu fulani wanayo riadha, wala hukuwataja wakimbiaji. "Alipofika" nalo halikatwi. Na "Akhwari" huanza kwa herufi kubwa na hubaki na kh yake, kwa kuwa jina la mtu huandikwa kama mwenyewe anavyoliandika. Hata jina la kata ni somo: anayetaka kuandika Muze akaandika mzee amehama kutoka mahali akaenda kwa mtu.

Baada ya imla huja ufahamu, na hapa ndipo mwalimu mvivu hujulikana. Swali la kwanza na liwe jepesi: Akhwari aliumia wapi? Swali la pili limlazimishe mtoto kuunganisha mambo mawili: mshindi alimtangulia kwa muda gani? Jibu, saa 1, dakika 5 na sekunde 1, halikuandikwa popote, linatafutwa. Swali la tatu litoke katika maarifa ya mtoto mwenyewe: Mexico City iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 2,240 hivi, pana hewa nyepesi, je, mkimbiaji aliyezoea bondeni atapata taabu gani huko? Mtoto wa Muze atalijibu swali hilo kwa maneno mengi kuliko mtoto wa Dar es Salaam. Swali la nne ndilo kubwa: kwa nini hakuacha? Jibu la Akhwari, linalosimuliwa mpaka leo, ni kwamba nchi yake haikumpeleka mbali vile kuanza mbio bali kuzimaliza. Lakini mwalimu asilitoe upesi. Watoto wabishane kwanza, na kila mmoja aonyeshe neno katika habari linalomuunga mkono. Huo ndio ufahamu.

Akhwari si wa pekee. Filbert Bayi wa Karatu, tarehe 2 Februari 1974 mjini Christchurch, aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo mpaka mwisho, akaweka rekodi mpya ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. John Walker wa New Zealand, aliyekuwa wa pili, naye aliipita rekodi ya zamani; hapo pana swali zuri la kufikiri. Mwaka 1975 Bayi alivunja rekodi ya maili moja mjini Kingston, Jamaika. Mwaka 1976 hakukimbia Olimpiki ya Montreal, na Walker akachukua dhahabu ya mita 1,500. Kwa nini? Kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, zikasusa michezo ile. Mtoto anayeweza kueleza mnyororo huo wa sababu, kutoka mpira wa raga mpaka medali iliyokosekana, amevuka daraja la kunakili sentensi. Mwaka 1980 mjini Moscow Bayi na Suleiman Nyambui walileta medali za fedha. Na tarehe 15 Septemba 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, wakatenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Mtoto anayelalamika kwamba herufi moja ni kitu kidogo na aonyeshwe picha ya mwisho wa mbio zile.

Wasichana nao wasisahauliwe. Theresia Dismas alipata medali ya fedha ya kurusha mkuki katika Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 1965, kabla majina ya wanaume hawa hayajavuma. Magdalena Shauri alikuwa wa tatu katika marathoni ya Berlin mwaka 2023. Kitabu kitakachowaacha kitakuwa kimewafundisha nusu ya darasa kwamba mbio si zao.

Ila wasifu si sifa. Mwandishi anayemgeuza mkimbiaji kuwa malaika asiyeshindwa anamnyima mtoto kitu cha kufikiria. Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York mwaka 1989. Huko Boston alikuwa wa pili mwaka 1988, 1989 na 1990. Mara tatu mfululizo! Habari ya namna hiyo, yenye ushindi na kushindwa ndani yake, hufundisha kuliko kurasa kumi za mapambio.

Watakuwapo watakaopinga. Watasema michezo ni burudani, na shule ni mahali pa kazi. Hao wamesahau kwamba elimu ya watu wazima, iliyovuma tangu mwaka 1970, haikufundisha herufi hewani. Katika mradi wa kisomo wa kanda ya Ziwa Victoria mkulima alisomea kitabu cha pamba au cha ndizi, mvuvi kitabu cha uvuvi. Nchi ambayo mwaka 1967 theluthi mbili hivi ya watu wazima wake hawakujua kusoma, ilihesabu mwaka 1986 kwamba waliobaki hawafiki asilimia 10. Mkulima alipewa pamba kwa kuwa pamba ndiyo iliyokuwa mikononi mwake. Mtoto apewe mbio kwa kuwa mbio ndizo zilizo miguuni mwake.

Watasema pia kwamba darasa lina watoto mia na vitabu havitoshi. Hoja hiyo ni ya kweli, na kwa sababu hiyo hasa njia hii inafaa. Habari ya maneno themanini haihitaji kitabu. Inahitaji ubao, chaki, na mwalimu aliyejiandaa usiku uliotangulia. Kinachokosekana mara nyingi ni hicho cha mwisho.

Wengine watauliza kanuni za maandishi zina faida gani ikiwa watu wanaelewana. Tahajia sanifu, iliyoanza kusimamiwa na Kamati ya Lugha tangu mwaka 1930 na ambayo leo ni jukumu la BAKITA, ni mapatano. Kwa mapatano hayo barua iliyoandikwa Muze husomeka Pemba bila mkalimani. Anayeyavunja kwa uzembe anaifunga njia ambayo wengine waliifyeka kwa taabu.

Basi maofisa elimu wa kata wasingoje kitabu kutoka ng'ambo, wala waraka kutoka juu. Walimu wa kata moja wakikutana katika vituo vyao wanaweza kuandika wasifu kumi, ukurasa mmoja kila mmoja, wakakagua tarehe na tahajia, wakagawana. Wasifu wa kumi na moja uandikwe na watoto wenyewe, baada ya kumhoji mkimbiaji au mchezaji wa zamani wa kijiji chao. Huyo hakosekani Ufipa. Taasisi ya Elimu ikusanye zilizo bora na kuzichapisha. Mkaguzi naye, akifika darasani, asiridhike na mtoto anayesoma kwa sauti nzuri. Afunge kitabu, amwulize: kwa nini hakuacha?