Fray Bentos na haki ya kuulizwa

Kila ninapofundisha sheria ya mito inayovuka mipaka, huanza na mji ambao wanafunzi wangu wengi hawajapata kuusikia. Fray Bentos upo magharibi mwa Uruguay, kwenye ukingo wa mashariki wa Mto Uruguay. Ng'ambo ni Argentina. Wakazi wake hawafiki 30,000. Hata hivyo bandari hii ndogo imepata kulisha majeshi ya Ulaya, na baadaye ikawafikisha majirani wawili mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki.

Tuanze na nyama. Kampuni ya Liebig, iliyoanzishwa London mwaka 1865, ilikuwa na kiwanda hapo, ikichemsha nyama ya ng'ombe hadi ikawa mchuzi mzito wa kusafirishwa Ulaya. Kisha ikaja nyama ya kopo, na jina la mji likawa jina la kopo. Askari wa Uingereza walilizoea kiasi kwamba kifaru kimoja kilichokwama matopeni Ubelgiji mwaka 1917 kilikuwa kimepewa jina la Fray Bentos. (Watu ndani ya bati: askari hawakosi mzaha.) Mwaka 1924 kiwanda kikachukuliwa na kampuni ya Vestey, nayo ya Uingereza. Mwaka 1979 kikafungwa. Leo ni makumbusho, na tangu mwaka 2015 kimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Mji uliolelewa na mwajiri mmoja kwa zaidi ya karne ukabaki yatima. Katika hali hiyo ndipo serikali ya Uruguay, miaka ya 2000, ilipoidhinisha viwanda viwili vya rojo la mbao la kutengenezea karatasi, kimoja cha Wahispania na kingine cha Botnia ya Finland. Malighafi ilikuwapo, kwani sheria ya misitu ya mwaka 1987 ilikuwa imegeuza malisho mengi kuwa mashamba ya mikaratusi. Kiwanda cha Botnia kiligharimu zaidi ya dola bilioni 1 za Marekani, kikajengwa kutoa tani milioni 1 kwa mwaka, tena ndani ya eneo huru lenye misamaha ya kodi.

Upande wa Argentina upo mji wa Gualeguaychú, wenye ufukwe wa mapumziko unaotazamana na kiwanda. Watu wake wakatoka kwa makumi ya maelfu, wakafunga daraja la kimataifa. Tangu Novemba 2006 hadi Juni 2010 halikupitika. Wahispania wakahama eneo hilo. Botnia ikawasha mitambo Novemba 2007.

Sisi tunaojiita wanaharakati huegemea upesi upande wa waliofunga daraja. Nami niliegemea huko kwa miaka. Siku hizi sina wepesi huo, kwa sababu wengi wa Fray Bentos walikitaka kiwanda, na ni dharau kudai kwamba hawakujua walitakalo. Walijua maisha ya mji usio na ajira. Ninachokikataa ni serikali kuutumia uhitaji huo kama sahihi ya ridhaa. Mwenye njaa ukimwekea sahani moja mezani, huwezi kujisifu kwamba umemwachia achague.

Mahakama ilitoa hukumu tarehe 20 Aprili 2010. Kwa kura 13 dhidi ya 1, ilisema Uruguay ilikiuka wajibu wa utaratibu chini ya mkataba wa mto wa mwaka 1975: ilitoa vibali kabla ya kuiarifu tume ya pamoja ya mto huo. Kwa kura 11 dhidi ya 3, ilisema wajibu wa kulinda mazingira haukuvunjwa. Kiwanda kibaki, kutamka kwamba kosa limetendeka kunatosha kuwa fidia. Kwa maneno mengine, ukijenga haraka kabla ya kuuliza, utakemewa, nawe utaendelea na kazi.

Wachache husoma aya zinazohusu wananchi. Argentina ilidai kwamba wakazi wa kingo zote mbili hawakushirikishwa ipasavyo. Mahakama ikajibu kwamba mikataba iliyotajwa haikuweka wajibu wa kisheria wa kuwashauri, na kwamba hata hivyo walishauriwa. Dola ina haki ya kuarifiwa. Mvuvi anategemea hisani.

Watumishi wa umma wa kwetu waisome hukumu hiyo kwa sababu nyingine pia. Ilitamka kwamba tathmini ya athari kwa mazingira ni wajibu wa sheria ya jumla ya kimataifa pale mradi unapoweza kuleta madhara makubwa kwa maji ya pamoja. Ziwa Victoria na Mto Kagera ni maji ya pamoja. Jalada la mradi likifika mezani pako, ndugu yangu, linganisha kwanza tarehe ya kibali na tarehe ya mkutano wa kijiji.

Uruguay yenyewe imeendelea. Mwaka 2017 serikali ilitia saini makubaliano na UPM, mrithi wa Botnia, kuhusu kiwanda kingine kikubwa zaidi, ikajifunga kujenga upya reli ya kupeleka rojo bandarini Montevideo. Kilianza kazi mwaka 2023. Kipo karibu na Paso de los Toros, katikati ya nchi, kando ya Mto Negro. Ng'ambo ya mto huo hakuna nchi nyingine, wala daraja la kimataifa la kufungwa.