Ugeni Usiokwisha: Uhamiaji na Jinai katika Pwani ya Kusini

Wahenga walituachia ratiba ya ugeni: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika Kwale ratiba hiyo ilivurugwa. Wamakonde waliotoka Msumbiji enzi za ukoloni walipewa jembe na panga tangu siku ya kwanza. Walikata mkonge na miwa, na wengine wakafanya kazi katika mashamba ya sukari ya Ramisi hadi kiwanda kilipofungwa mwaka wa 1988. Hata hivyo, wajukuu wao waliozaliwa Msambweni na viungani mwake waliendelea kuitwa wageni kwa zaidi ya nusu karne baada ya uhuru. Makala haya yanashikilia kwamba dhuluma waliyotendewa haikuwa kunyimwa kitambulisho peke yake. Ilikuwa pia kule kugeuzwa kwa ukosefu wa kitambulisho kuwa jinai.

Sheria yenyewe haifichi jambo. Kifungu cha 53 cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 kinafanya kuwapo nchini pasi na idhini kuwa kosa ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Mintarafu ya jinai, tumezoea kutarajia kitendo: mtu ameiba, amepiga, amedanganya. Je, mvuvi aliyezaliwa Shimoni kwa wazazi waliotoka Pemba ametenda nini? Amezaliwa, amekua, ametia ngalawa yake majini. Kosa lake ni kuwapo.

Wanafunzi wa Kiswahili hatuna budi kulitazama jambo hili kwa jicho la lugha. Sheria ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kuvaa shingoni kikasha cha chuma chenye karatasi za utambulisho. Kutembea bila karatasi hizo kulimpeleka mahakamani. Watu wakaziita kipande, na hadi leo Wakenya wengi huita hivyo kitambulisho cha taifa. Neno limedumu kwa sababu hofu nayo imedumu. Kisha vyombo vya habari vikatuletea istilahi ya “mhamiaji haramu”. Haramu, katika Kiswahili cha pwani, ni neno la dini kabla ya kuwa la sheria. Huhukumu nyama, pombe, riba na hata nasaba. Likibandikwa mtu badala ya kitendo, kesi imekwisha kabla hakimu hajaketi. (Sijui kwa nini wahariri wetu hawaridhiki na “asiye na idhini”.)

Wapo watakaosema kwamba mpaka ni mpaka na kwamba Kwale, uliko mpaka wa Lunga Lunga, imewahi kuonja machungu ya vijana kuingizwa katika makundi ya kigaidi. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini polisi hupata habari kutoka kwa watu wasiowaogopa. Mtu asiye na hati akiibiwa mashine ya mtumbwi hatakwenda kituoni, kwa kuwa atakayeulizwa maswali kwanza ni yeye. Mwanamke asiye na hati akipigwa nyumbani atanyamaza vivyo hivyo. Mhalifu halisi hulijua hilo fika, na hulitumia. Sheria inayodai kuulinda usalama humnyima polisi shahidi.

Tena mpaka wenyewe una historia yake. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waliuchora kuanzia mlango wa mto Umba, karibu na Vanga, na kuwaacha Wadigo wakiwa na ndugu Kwale na Tanga. Januari 2001, baada ya mauaji yaliyofuatia maandamano ya kisiasa Zanzibar, zaidi ya Wapemba 2,000 walivuka bahari na kutua Shimoni. Walipokelewa kama wakimbizi, si kama wahalifu. Basi inawezekana.

Kuna pia Waethiopia wanaonaswa njiani kuelekea Afrika Kusini. Sheria ya mwaka 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu (hapa haramu imekaa mahali pake, juu ya kitendo) inasema kwamba mwathiriwa hatashtakiwa kwa kuwapo nchini bila idhini. Ili kumtambua mwathiriwa, sharti aulizwe, na aulizwe kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo. Mtu anayekiri kosa kwa lugha asiyoijua hajakiri chochote.

Oktoba 2016 Wamakonde walifunga safari kutoka Kwale hadi Ikulu, Nairobi, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho. Washona walitambuliwa mwaka 2020, Wapemba mwaka 2023. Tulishangilia, na kwa haki. Ila ikumbukwe kwamba mtu yuleyule, mwenye kijiji kilekile na wazazi walewale, alilala akiwa mtuhumiwa akaamka akiwa raia, bila yeye kubadilisha lolote. Kilichobadilika ni tamko. Sheria ya 2011 ilikuwa tayari imewafungulia mlango watu wasio na utaifa waliokuwa nchini tangu Desemba 12, 1963. Muda wake ukaongezwa, kisha ukamalizika Agosti 2019.

Ninachopendekeza si kufuta mpaka. Bunge liondoe katika jinai kosa la kuwapo bila hati pale ambapo hakuna kosa jingine, na shauri hilo lishughulikiwe kiutawala, pasi na rumande wala rekodi ya uhalifu. Mlango uliofungwa mwaka 2019 ufunguliwe bila kikomo cha tarehe, ili anayedai uraia asisubiri msafara mwingine wa kwenda Ikulu. Na idara za Kiswahili za vyuo vyetu zianze kuwafunza wakalimani wa mahakama, wakiwemo wa Kiamhari na Kioromo, maana washtakiwa wanaowahitaji wanapelekwa kizimbani mwaka huu.