Jino jeupe si jino safi

Najua nimepotea. Testi zilinibana, zilipoisha nikakimbilia nyumbani Kaloleni, Arusha. Nimerudi kampasi jana usiku na jambo moja limenikaa rohoni.

Ni anko wangu. Sisi wa kuzunguka Mlima Meru meno yetu mnayajua. Maji yanayopita kwenye miamba ya volkano hubeba floridi nyingi, na mtoto akiyanywa wakati meno yanajiunda, yanatoka ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Huku kwetu kuna vyanzo vinavyopita hapo mbali sana. Anko amekua na aibu ya kucheka. Jino la mbele lilipong'oka, akajichangachanga akapandikiziwa lile la skrubu ya titani inayoingia kwenye mfupa wa taya. Jeupe peee! Picha zote akawa anacheka.

Sasa fizi ya hapo imevimba. Akipiga mswaki, damu, akibonyeza, usaha. Anakwenda duka la dawa, anameza vidonge, uvimbe unashuka, baada ya wiki chache umerudi. "Mjomba, jino la chuma litaozaje?" aliniuliza.

Kweli haliozi. Ila jino la kuzaliwa limeungwa kwenye mfupa kwa nyuzi; la skrubu limegandana na mfupa moja kwa moja, halina kinga hiyo. Bakteria wakijenga utando chini ya fizi, mfupa unaanza kulika na mwisho skrubu inalegea. Utando wenyewe ni kama ule utelezi wa ndani ya ndoo ya maji: humwagii dawa ukaondoka, mpaka usugue. Ndiyo maana vidonge peke yake havimsaidii. Daktari wa meno anakwangua kwa vifaa visivyochubua titani, au anapuliza unga laini na maji. Ikishazama, anafungua fizi. Na kwa kuwa skrubu ina mitaro, kuisafisha ni kazi. Mpaka leo hakuna njia moja iliyothibitika kuzishinda zote. Kuwahi ndiyo dawa.

Maoni yangu? Tumezoea kupima uchafu kwa rangi. Kahawia ya floridi si uchafu, lakini tunaisugua kwa mkaa mpaka meno yanakwisha, huku ukoga wa pembeni ya fizi tunauacha. Halafu tunanunua jino jeupe tukidhani kazi imekwisha. Anayepandikiza akitaja bei ya jino, ataje na bei ya kulisafisha kila mwaka. Asipotaja, uliza kabla hujatoa hela.

Anko ameahidi kwenda kwa daktari Jumatatu. Nimemwomba mama amsindikize, maana namjua, atapitia duka la dawa kwanza.

Na wewe unayetema damu kila asubuhi pale bwenini ukisema mswaki mgumu, nimekuona. Haya, nawahi kimbweta kabla hakijajaa.