Gitare yenye kung'aa si gitare ya mutoto

Wandugu, prime inatoka, mutoto anaomba gitare. Baba anaenda ku soko, anachagua ile kubwa, nyekundu, yenye kung'aa, anaileta ku nyumba na furaha. Kisha wiki mbili iko nyuma ya kabati. Na sisi wazazi tunasemaka: «Ule mutoto hana zawadi ya muziki.»

Si kweli. Mara nyingi kosa ni la gitare, na sisi njo tuliichagua. Mimi mwenyewe nilifanya vile. Mwana wangu wa miaka 10 alifinya nyuzi mpaka vidole vikavimba, nikamukaripia juu ya uvivu. Siku moja muzee mumoja jirani, mupiga gitare wa zamani, aliikamata, akaifinya kidogo, akanirudishia: «Baba, hii hata mimi siiwezi.» Nyuzi zilikuwa juu sana.

Basi pale njo pa kuangalia kwanza, mbele ya rangi na mbele ya bei. Hesabu vile vyuma vidogo vyenye kukingama ku shingo mpaka cha 12. Omba wenzako wa ekipe kadi zao za banki (zile zile za kutosha mushahara), panga tatu pamoja, uzipitishe kati ya chuma kile na uzi munene. Kama zinajaza nafasi, ni vizuri. Kama tano zinaingia, nyuzi ziko juu. Fundi anaweza kukwangua kale kamufupa keupe kenye kubeba nyuzi, lakini shingo ikipindika, acha, hata wakupunguzie bei. Kisha piga uzi bila kuufinya, halafu uufinye ku chuma cha 12: sauti iwe ile ile, ila ya juu. Ikipotoka, mutoto atazoesha masikio yake vibaya kila siku.

Kwa mutoto mudogo, nyuzi za niloni zinahurumia vidole, na kuko gitare za robo tatu kwa mikono mifupi. Lakini usiweke nyuzi za chuma ku gitare ya niloni: zinavuta sana, zinaweza kuibomoa.

Wengine wanasema bila umeme na baffle haina muziki. Hapa kwetu Katanga! Mwenda Jean Bosco, muntu wa Bunkeya, Hugh Tracey alimurekodi mwaka 1952 mu Jadotville, njo Likasi ya leo. Ilikuwa gitare kavu, kidole gumba na kidole cha pili tu.

Kwa mimi, heri gitare ya okazyo yenye nyuzi za chini kuliko mupya ya kuumiza. Enda na muntu mwenye kujua kupiga, si na mwenye kujua kuuza. Feza yenye kubakia, nunua nyuzi zingine, juu zinakatikaka. Mu kipwa mbao zinakauka na kupasuka, basi usiitundike karibu na mbabula.

Ile yetu, muzee alitupeleka kwa fundi, akaikwangua. Sasa umeme ukikatika mangaribi, mwana anaitosha nyuma ya kabati, na mimi namuomba anionyeshe sol. Vidole vyangu vya mugodi havisikii maumivu, lakini ni vizito sana. Ananicheka.