Upofu wa Mfalme Lear Haukuletwa na Uzee

Wapo wanaoifundisha tamthilia ya William Shakespeare iitwayo King Lear kama kisa cha mzee aliyedhulumiwa na binti zake. Mwanafunzi huambiwa kwamba mfalme alikuwa amepita miaka 80, kwamba akili zilikwisha chakaa, na kwamba Goneril na Regan hawakuwa na radhi. Fundisho hilo latupendeza sisi tuliolelewa kuogopa laana ya mzazi, lakini ni fundisho potofu. Lamwondolea mtawala lawama na kuitwika miaka yake.

Tuusome mwanzo wa mchezo wenyewe. Kabla Lear hajaingia jukwaani, Kent na Gloucester wanazungumza juu ya kugawanywa kwa nchi, na wanasema kwamba mafungu ya wakwe wawili, Albany na Cornwall, yamekwisha pimwa wala hayazidiani. Basi mashindano yale ya kutaja mapenzi yalikuwa ya nini? Lear anataka ramani, anamwamuru kila binti aeleze jinsi ampendavyo. Naye Goneril amalizapo tu, anakatiwa fungu lake kabla ndugu zake hawajasikilizwa. Hakimu atoaye hukumu na mashahidi wangali nje hatafuti ukweli. Mfalme yule alitaka kusifiwa mbele ya baraza, basi. Sisi tutungao mashairi twaijua bidhaa hiyo, na wapo miongoni mwetu waiuzao kwa rejareja.

Cordelia alisema ampenda baba kama impasavyo mtoto, wala hakuzidisha. Akanyimwa mahari. Kent alipomtetea, Lear alimwamuru atoke mbele ya macho yake. Kent akamsihi atazame vizuri zaidi. Jibu lake lilikuwa siku 5 za kujitayarisha, ya 6 aipe nchi kisogo, na akionekana siku ya 10, auawe.

Wenye hoja ya uzee wawasikilize hao binti wenyewe wakibaki faraghani. Regan anautaja uzee, kisha papo hapo anaongeza kwamba tangu zamani baba yao hakujijua sawasawa. Goneril anasema hata katika ubora wake alikuwa mtu wa pupa. Waovu, ndiyo, lakini katika hili wamesema kweli. Jicho la mfalme lilizoezwa na enzi kuona kile tu kilichopambwa na ulimi.

Na somo halikumwingia upesi. Goneril alipotaka kuwapunguza askari wake 100 wabaki 50, na Regan akakubali 25 tu, Lear aligeuka kumwambia Goneril kwamba atakwenda naye, kwa kuwa 50 ni mara mbili ya 25, na hivyo mapenzi yake ni mara mbili! Hesabu ni ile ile ya ramani.

Mwaka 1681 Nahum Tate aliuandika upya mchezo huu, akamwacha Cordelia hai na kumrudishia Lear ufalme. Watazamaji wa Uingereza waliridhika na toleo hilo kwa karibu miaka 150. Kumhurumia mzee ni rahisi kuliko kumhukumu mtawala. Lakini kijana asomaye kisa hiki leo, kesho atakaa ofisini mbele ya mkubwa wake. Akifundishwa kwamba kosa ni la uzee, atangoja mkubwa azeeke ndipo aanze kumtilia shaka.

Afadhali amsome Kent. Huyu hakuondoka, alijibadili sura, akarudi kumtumikia bwana aliyemfukuza, akawa naye katika tufani, na Lear hakumtambua. Mwishoni, Cordelia akiwa maiti, mfalme anamtazama, analalamika kwamba macho yake si mazuri, anauliza kama huyu si Kent. Kent anamweleza kwamba yule mtumishi wake wa siku zote alikuwa yeye. Lear anamjibu kwamba jambo hilo atalitazama punde.