Kukaza usukani si kuutengeneza

 

Leo siasa naziweka pembeni. Nataka tuongelee pikapu. Ndiyo, zile Hilux za miaka ya 80 na 90 ambazo huku Nyanda za Juu Kusini zinabeba kila kitu: viazi kutoka Umalila, mbao kutoka Mafinga, saruji, mbolea, na kukiwa na harusi au msiba zinabeba watu. Ni magari ya maana sana. Bila hayo vijiji vingi vya Kilolo na Mbeya Vijijini vingekuwa mbali na soko kuliko vilivyo sasa. Lakini mengi yana ugonjwa mmoja ambao tumeuzoea mpaka tunautania: usukani unacheza.

Dalili zake unazijua. Dereva anapeleka usukani kushoto, anaurudisha kulia, utadhani anasonga ugali, na gari wala halijali, linakwenda zake moja kwa moja. Ukimuuliza anakujibu, "Kaka, hili gari lina tabia yake, ukilizoea halina shida." Abiria tunacheka. Hivi huwa tunacheka nini?

Tupige hesabu kidogo. Gari likienda kilometa 80 kwa saa, linakula mita 22 kila sekunde. Dereva akipoteza nusu sekunde kuzungusha usukani ambao bado haujashika magurudumu, mita 11 zimeshapita. Vitabu vya ufundi vya Toyota kwa pikapu nyingi za zamani vinaweka mwisho wa mchezo huo, ambao mafundi wanauita pleyi, kuwa milimita 30 ukipima kwenye duara la usukani. Hiyo ni kama upana wa vidole viwili tu! Mimi nimepanda pikapu ambazo kiganja kizima kinapita kabla gurudumu halijastuka.

Halafu fikiria barabara yenyewe. Iringa mpaka Mbeya ni kama kilometa 330: Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, Igurusi, Inyala, kisha Mlima Nyoka kabla hujaingia Uyole. Njia nzima unapishana na malori ya Zambia na Kongo. Ukielekea upande wa Dar, baada ya Ilula kuna Kitonga na kona zake. Machi 2015 pale Changarawe, Mafinga, kontena la lori liliangukia basi la abiria na watu zaidi ya 40 wakafa. Sisemi kwamba kisa kilikuwa usukani uliolegea. Ninachosema ni kwamba katika barabara hii nafasi ya kukosea haipo. Gari linaloyumba nusu mita tu linaingia kwenye njia ya mwenzake.

Sasa tuje gereji, maana ndiko hoja yangu iliko. Mwenye gari anafika na sentensi moja: "Fundi, usukani unacheza, nikazie." Angalia alichoomba. Hakuomba fundi atafute tatizo. Ameomba dawa kabla ya kipimo, na ameshapanga bei yake kichwani: hela ya soda.

Fundi naye ana njaa. Anafungua boneti. Pikapu hizi za zamani zina stelingi boksi, na juu yake kuna skrubu yenye lokinati. Analegeza nati, anazungusha skrubu, anafunga. Dakika kumi kazi imekwisha. Mwenye gari anazunguka mtaa mmoja wa Mwanjelwa au Kihesa, anarudi anatabasamu. Usukani umekuwa mzito kidogo, kwa hiyo anaona umepona.

Haujapona! Skrubu ile kazi yake ni kurekebisha meno yaliyo ndani ya boksi lenyewe. Kama kilicholegea ni tairodi au boljointi, skrubu haiwezi kukigusa. Imeficha dalili tu, ugonjwa unaendelea chini ya gari. Na ina hatari yake. Meno ya boksi huchakaa zaidi pale katikati kwa sababu muda mwingi gari linakwenda moja kwa moja. Ukikaza mpaka katikati pasiwe na mchezo, pale ambapo meno hayajalika panabana kupita kiasi. Maana yake usukani unaweza kuwa mgumu ukiukata, na ukagoma kurudi wenyewe. Unaukata wapi sana? Kitonga, siyo mtaani Mwanjelwa.

Utafutaji wenyewe siyo sayansi ya roketi. Gari liko chini, tairi zimekaa ardhini. Mtu mmoja anatikisa usukani kushoto na kulia, kidogo kidogo, pale penye mchezo. Kama una pawa, injini iwashwe, gari liwe kwenye gia huru na handibreki, na magurudumu yazuiwe kwa mawe. Fundi yuko chini na tochi. Anafuata chuma kimoja baada ya kingine: fimbo ya usukani na viungo vyake, boksi, mkono unaotoka kwenye boksi, kisha tairodi mpaka kwenye gurudumu. Mahali ambapo upande mmoja wa kiungo unatikisika na upande wa pili umetulia, ugonjwa ndipo ulipo. Aangalie pia bolti zinazoshika boksi kwenye chesesi, na kama chesesi yenyewe haina ufa. Baadaye gari linapigwa jeki na kukalishwa kwenye stendi, gurudumu linatikiswa. Likicheza kushoto na kulia, mara nyingi ni tairodi. Likicheza juu na chini, ni beringi ya gurudumu au boljointi.

Kiungo kilichokufa kinabadilishwa, basi. Hakichomelewi, kwa sababu moto unaharibu ugumu wa chuma chake. Nati yake inafungwa na spliti pini mpya, siyo msumari wala waya. Na ukibadilisha tairodi lazima ukafanye alaimenti, la sivyo matairi yataliwa upande mmoja kabla hujala faida ya mzigo wa kwanza.

Najua jibu linalokuja: hela hakuna. Sawa, maisha ni magumu, mimi mwenyewe mshahara wa uandishi naufahamu. Lakini jozi ya tairodi ni rahisi kuliko jozi ya matairi mapya, na tairodi mbovu ndizo zinazoyala hayo matairi. Kwa hiyo anayekaza ili kubana matumizi analipa mara mbili, ila ya pili anailipa kwa jina la tairi.

Wengine wananionyesha stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani kwenye kioo. Jamani, stika haishiki gurudumu. Hata ukaguzi ukifanywa vizuri kabisa, unaeleza hali ya gari siku ile. Miezi mitatu ya makorongo ya Umalila inatosha kubadilisha habari yote.

Kwa hiyo lawama mimi simpi fundi kwanza. Fundi anauza tunachonunua, na sisi tunanunua dakika kumi. Namlaumu mwenye gari anayelala Forest au Gangilonga huku dereva wake ameambiwa "peleka tu mzigo, tutalitazama Jumatatu." Dereva hana sauti, akikataa kuna wenzake kumi wanaotaka usukani huo huo, pamoja na mchezo wake. Na kule nyuma, juu ya magunia, kuna mama aliyelipa nauli na hajui lolote kuhusu tairodi.

Mwenye gari, badilisha sentensi. Usiseme "nikazie." Sema "fundi, nitafutie kinachocheza, unionyeshe kwa macho yangu, nitakulipa kwa kutafuta." Mlipe hata kama hajafunga kitu. Akibadilisha, mwombe kile cha zamani ukishike mkononi. Na kama hela ya spea haijapatikana, pikapu ilale. Viazi vya Umalila vitasubiri siku mbili.

Naomba kutoa hoja.