Mahame si Saratani

Sisi wanafunzi wa isimu tunaambiwa mara nyingi kwamba kazi yetu ni maneno, na mambo ya pesa za Leta tuwaachie wenzetu wa uchumi. Mimi sikubali. Mji wa Detroit, huko Marekani, unaonyesha jinsi neno moja linavyosaidia kuamua pesa hizo ziende wapi.

Mwaka 1950 Detroit ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8. Mwaka 2010 walibaki kama 714,000. Viwanda vya magari vilipungua, Wazungu wengi walihamia miji ya pembeni, kisha mikopo ya nyumba ikaporomoka. Nyumba kwa maelfu zikabaki tupu. Mwaka 2014 kamati iliyopewa jambo hilo ilitoa ripoti: viwanja zaidi ya 370,000 vilikuwa vimekaguliwa, na majengo karibu 40,000 yalipendekezwa kubomolewa. Jina walilotumia ni "blight". Kwa Kiingereza hilo ni jina la maradhi ya mimea, kama yale yanayoozesha viazi shambani. Ripoti ikaenda mbali zaidi, ikayafananisha majengo hayo na saratani, ambayo isipoondolewa yote humea tena.

Tutazame sarufi yake. Maradhi hayana mtenda, yanaingia tu. Kiswahili kina neno mahame, na ndani yake tunasikia mzizi -hama. Ukitamka mahame, swali linakuja lenyewe: nani alihama, na kwa nini? "Nyumba iliyotelekezwa" nayo ina mtenda, lakini hapa tuwe waangalifu, maana inaweza kumsingizia mwenye nyumba. Wengi Detroit hawakutelekeza kitu. Walitolewa. Wengine walitolewa na benki, wengine kwa deni la kodi ya nyumba. Katiba ya jimbo la Michigan inakataza nyumba kukadiriwa kwa kodi kupita nusu ya bei yake ya soko. Hata hivyo gazeti la Detroit News lilionyesha mwaka 2020 kwamba, kati ya 2010 na 2016, wenye nyumba walitozwa angalau dola milioni 600 za ziada. Mtu anadaiwa kodi isiyo halali, inamshinda, nyumba inachukuliwa, inakaa tupu, watu wanang'oa nyaya na mabomba. Mwishoni nyumba inaitwa maradhi, na aliyeikadiria hatajwi. (Kwetu tunaujua msalaba mwekundu unaopakwa ukutani, nao hausemi nani ameamua.)

Sasa pesa. Mwaka 2010 serikali ya Marekani iliunda mfuko wa kuwasaidia wenye nyumba wasinyang'anywe. Mwaka 2013 wizara ya fedha iliikubalia Michigan kutumia hadi dola milioni 100 za mfuko huo kubomolea nyumba, Detroit na miji mingine minne. Pesa za dawa zikanunua jeneza.

Najua jibu nitakalopewa. Anayeishi ukuta kwa ukuta na gofu lililoungua hana haja na etimolojia yangu. Moto unaweza kuruka, na watoto wanapita hapo kwenda shule. Ana haki. Gofu kama hilo libomolewe, na Leta ilipe, kwa kuwa hakuna mwingine atakayelipa. Ninachopinga ni kuligusa fungu la kumwokoa mwenye nyumba wakati bado watu wanatolewa kwa kodi iliyokosewa. Ni kama kuchota maji kwenye mtumbwi huku mwenzako anautoboa.

Ajabu ni kwamba wakaaji wenyewe walilazimisha hesabu ibadilike. Mwaka 2019 baraza la mji lilikataa mpango wa kukopa dola milioni 250, ambao nia yake kubwa ilikuwa kubomoa. Mwaka 2020 mpango ulirudi kwa sura nyingine: nyumba 8,000 zibomolewe, na nyingine 8,000 zihifadhiwe ili zitengenezwe. Wapiga kura wakaukubali.

Nyumba 8,000 za kuhifadhi! Hakuna daktari anayehifadhi saratani. Basi waliosaini mikataba ya kubomoa kabla ya hapo waulizwe: kati ya nyumba walizokwisha kuziangusha, ngapi zilihitaji paa tu, na mwenyewe kurudishiwa ufunguo?